Mgeni wa Kombo

Jumapili, 7 Disemba

Uji saa moja. Dawa ya presha. Nimemvalisha shati la mikono mirefu kwa sababu anajikuna mpaka anatoka damu. Nimetia komeo mlango wa uani, kisha nikarudi kuangalia kama nimelitia. Nimefua mashuka mawili.

Kombo amekaa barazani tangu asubuhi na viatu vyake vya kazi. Anangoja gari ya kumpeleka msituni. Gari hiyo haiji tena, amestaafu mwaka wa sita huu. Kila nikipita ananiuliza imechelewa nini. Namjibu inakuja. Leo nimejibu mara kumi na moja. Nimehesabu kwa sababu hayo ndiyo mazungumzo yangu yote ya leo.

Zamani majirani walikuwa wakija. Bi Khadija akileta mkate wa kumimina, anakaa, tunazungumza mpaka magharibi. Sasa anapitisha sahani dirishani. Simlaumu. Mara ya mwisho Kombo alimuuliza mbele ya watu yeye ni nani na anataka nini nyumbani kwake.

Khatib kapiga simu kutoka Unguja. Mwanangu huyu siku zote ana haraka. Anasema chumba cha baba yake kiko tayari, mtu wa kumuangalia amepatikana, geti linafungwa kwa ufunguo. Atakuja na boti ya Jumamosi kumchukua. Nilikubali mwezi uliopita. Nilikuwa nimechoka. Bado nimechoka.

Skuli zimefungwa, sina darasa la kufundisha. Kabla ya Jumamosi nataka Kombo auone msitu wa Ngezi mara moja nyingine. Bi Riziki, ambaye alifundishwa kazi na Kombo na sasa ndiye mkubwa wa walinzi kule, ametuombea ruhusa ya kulala kwenye nyumba yao. Tunaondoka kesho. Khatib sijamwambia.

Jumatatu, 8 Disemba

Tumefika saa nne kwa gari ya jirani. Tulipoipita Konde Kombo akaanza kukaa wima. Barabara ilipoingia chini ya miti na mwanga ukapungua, akashusha kioo akatoa mkono nje. Aliuacha mkono pale mpaka tukasimama.

Miaka ishirini alifanya kazi hapa. Mimi nimewahi kuja mara mbili, na zote nilirudi siku ile ile. Yeye alikuwa akija nyumbani Alhamisi jioni, akiondoka Jumamosi alfajiri. Ofisi ilimhamishia huku mwaka ule ule tulipomzika Sharifa, binti yetu. Alikuwa na miezi saba, homa ikamchukua. Khatib alikuwa na miaka mitano. Niliilaumu sana ofisi ile. Kumtenga mtu na mkewe wakati kama ule.

Nyumba ya walinzi ina vyumba viwili, bati, tangi la maji, choo cha nje. Kijiji kiko mwendo wa nusu saa. Simu haishiki mpaka ukasimame langoni.

Kombo alishuka akaizunguka nyumba, akagonga tangi kusikia maji yako wapi, akafagia majani kizingitini kwa mguu. Kisha akanigeukia, mikono nyuma.

"Karibu, mgeni. Umetoka wapi?"

"Tibirinzi, Chake."

"Na mie nna nke wangu Tibirinzi."

Nikamwambia mimi ndiye mkewe. Akacheka kidogo, kwa adabu, vile mtu anavyomcheka mgeni aliyekosea jina la mahali. Nyumbani huniita mwalimu. Siku nyingine huniita mama. Siku nyingine haniiti kabisa. Mgeni hajawahi.

Bi Riziki alikuwepo. Akatazama pembeni.

Jumanne, 9 Disemba

Ameamka kabla yangu, ametawadha mwenyewe, amevaa mwenyewe. Vifungo vyote sawa. Nilisimama mlangoni nikamtazama kama mtu anayetazama nyumba yake aliyokwisha kuiuza.

Baada ya chai alinichukua kunitembeza. Sheria yake moja: mgeni apite anapopita yeye. Anajua kila kitu. Huu mvule, huu mgulele, huu mtondoo. Mpapindi huu hauoti ila Pemba. Hapa paa hunywa maji. Hapa usikanyage, chini ni tope. Alinionesha mti wa popo, mamia yao wananing'inia na kugombana, akanieleza wanakula nini na mwaka gani watu walikuwa wakiwawinda na nani aliyesaidia kuwaacha. Jina la mtoto wake wa kiume hana. Majina ya miti arubaini anayo.

Nimeona wivu. Ni aibu kuuandika. Nimeuonea wivu mti.

Kwenye kijito alisimama kwenye jiwe akaninyooshea mkono nivuke. Mkono mkavu, wenye nguvu. Tulipovuka aliuachia pale pale, kama inavyopasa kwa mwanamke asiye wake.

Bi Riziki anasema hajawahi kumuona hivi tangu astaafu. Amefurahi. Nami nimefurahi. Lakini nimetembea saa tatu nzima nyuma ya mume wangu na sikuwa na mtu.

Jumatano, 10 Disemba

Mvua kutwa. Tumekaa ndani. Ndizi za nazi na dagaa. Alasiri ameisali mara tatu, kila akimaliza anasahau kuwa amesali. Sikumzuia.

Kima walikuja juu ya bati wakapiga kelele. Akawatukana kwa Kipemba cha udogo wake, maneno ambayo sijayasikia tangu marehemu mama yake. Tukacheka wote wawili. Muda mfupi. Kisha akaniuliza wageni wenzangu wako wapi.

Alhamisi, 11 Disemba

Sijui nianzie wapi. Naandika tu.

Asubuhi jua lilitoka. Tulikwenda mpaka kijitoni tukakaa juu ya gogo. Alikuwa na furaha. Mimi nikamuuliza kwa mchezo, kama wageni wanavyouliza:

"Mzee, hukuwa mpweke huku miaka yote hiyo?"

"Upweke ulikuwa nyumbani," akasema. "Huku mie nlikuja kupumua."

Nikamuuliza kwa vipi.

"Tulifiwa na ntoto. Nke wangu akawa analia. Nikila analia. Nikilala analia. Nikenda ofisini nikaomba kazi ya huku."

"Uliomba mwenyewe?"

"Mwenyewe. Mara mbili walitaka kunirejesha Chake. Nikakataa."

"Mkeo anajua?"

"Ajua nlihamishwa." Akapukusa mchanga kwenye suruali, akasimama. "Usije ukamwambia."

Akanionesha ndege. Sikumbuki ndege gani.

Miaka ishirini. Nilikuwa nikihesabu Alhamisi. Nikipika pweza Alhamisi. Nilimlea Khatib peke yangu, homa zake, ugomvi wake, nikimwambia baba yako hana hiari, kazi ya serikali haina hiari. Mwaka wa tatu nilikwenda ofisini kwao, nimemshika Khatib mkono, nikamlilia mkubwa wao amrudishe mume wangu nyumbani. Yule bwana alitazama meza yake muda wote. Nilidhani ananionea haya kwa kulia. Sasa najua. Alikuwa ananionea huruma. Yeye alijua na mimi sikujua.

Wote walijua, bila shaka. Ofisi nzima.

Namchukia. Nimeliandika. Namchukia mtu ambaye hajui kuwa nimejua. Hata kugombana naye siwezi. Nikimpigia kelele atadhani mgeni amepandwa na wazimu, atanitafutia maji ya kunywa.

Jumamosi Khatib na amchukue.

Ijumaa, 12 Disemba

Nitaandika kwa utaratibu.

Saa tatu nilimpa chai na mkate. Akauliza, "Leo mgeni twende wapi?" Nikamjibu kuwa naondoka na asinifuate. Nilisema vibaya. Nilivuta kanga yangu nikashika njia ya msituni. Sikushika barabara. Nilitaka miti tu, nisionwe na mtu. Sikumwambia mtu yeyote kuwa namuacha peke yake. Bi Riziki alikuwa upande wa pili na wageni wawili wa Kizungu. Nilijua. Niliondoka hivyo hivyo.

Nilikwenda mbali. Nilikaa chini nikalia kwa sauti, kitu ambacho sijafanya tangu nijue kuwa kilio changu ndicho kilichomfukuza. Yaani tangu jana. Kisha nikazunguka na kurejea kwa njia ya barabara.

Saa tano nilifika. Barazani hapana mtu. Kikombe kimejaa, chai imepoa. Viatu vyake havipo.

Niliita. Niliangalia choo, tangi, chumba cha zana. Nikakimbia mpaka langoni, mlinzi wa lango hakumuona. Basi aliingia msituni, kwa upande ule ule niliopita mimi. Bi Riziki alirudi na wageni wake nusu saa baadaye, akasikiliza, hakunilaumu kwa neno. Hilo lilinichoma zaidi. Akawaweka wageni kwenye gari lao, akatuma mtu kijijini kwa sheha.

Ilikuwa Ijumaa. Wanaume wote msikitini. Sheha alisimama baada ya sala akasema mzee Kombo amepotea, na watu wakatoka moja kwa moja na kanzu zao. Wengine walimjua. Mmoja aliniambia Kombo alimkamata na shoka miaka kumi iliyopita, na kwamba angekuja hata kama inanyesha mvua ya mawe. Walijipanga mstari, wakaingia wakiita jina lake. Nilikuwa nikisikia jina la mume wangu likiitwa kwenye miti na hakuna anayeitika. Jua lilikuwa kali. Hakunywa chai. Hana maji. Hajameza dawa ya presha, ilikuwa mfukoni mwangu.

Niliomba. Niliomba kwa aibu, kwa sababu jana nilitaka aondoke na leo ameondoka.

Saa tisa tulikutana na mama mmoja aliyekuwa akikata ukindu wa mikeka. Bi Riziki akamuuliza kama amemuona mzee.

"Kumuona sikumuona," akasema. "Nilimsikia mtu wakati wa adhuhuri. Akiita. 'Mgeni, bakia hapo hapo, usitembee, nakuja.' Nikadhani ni nyie mwatembeza watu."

Nilikaa chini.

Bi Riziki alielewa kabla sijaeleza. Akamuuliza yule mama sauti ilitoka wapi, akaonesha upande wa mikoko, palepale ambapo Kombo aliniambia Jumanne nisikanyage. Tulikwenda wanne. Nilikuwa wa mbele. Sikupita anapopita mtu.

Saa kumi tulimpata. Mguu mmoja umezama tope mpaka goti, amekumbatia mzizi kwa mikono miwili. Kiatu kimoja hakipo. Siafu wamemtafuna shingo na mikono. Midomo imepasuka. Sauti imekauka kwa kuita, inatoka kama mkwaruzo. Alinitazama usoni, mimi peke yangu kati ya wote.

"Wewe mgeni umenihangaisha," akasema. "Mie nshakwambia pita ninapopita."

Kisha akamgeukia Bi Riziki, mkubwa kwa mdogo wake wa kazi:

"Keshapatikana. Waambie watu warudi."

Wanaume wawili walimvuta. Alikataa kubebwa. Njia nzima aliniangalia kama bado nipo nyuma yake.

Sina la kuongeza. Saa saba nzima alinitafuta. Ana miaka sitini na sita, kichwa chake kimekwisha, na alinitafuta.

Jumamosi, 13 Disemba

Tumeamka sote tunaumwa. Daktari wa kituo cha karibu alikuja jana magharibi, akasema moyo uko sawa, anywe maji mengi, apumzike. Asubuhi nilimleta barazani nikamtia miguu kwenye beseni la maji ya moto na chumvi. Imevimba. Nilikaa mbele yake kwenye kigoda nikamkanda vidole.

Sikuwa na hasira. Ilikwenda wapi sijui. Nilikuwa na suali moja.

"Mzee, ulinambia habari za mkeo. Kwamba alikuwa analia. Kwa nini hukukaa ukalia naye?"

Alipangusa maji gotini. Nikadhani suali limeshampotea.

"Ningekaa naye vipi," akasema. "Mie ndie nlosema tungoje kuche."

Nikaacha kumkanda.

Usiku ule nakumbuka. Mvua, barabara imekatika, gari hakuna, Sharifa anachemka. Kombo alitoka mlangoni, akatazama mvua, akarudi akasema tungoje kuche tumpeleke hospitali. Kulipokucha tulimbeba. Tulikuwa tumechelewa. Hilo nimelikumbuka kila siku. Lakini nakumbuka na jengine, ambalo sijalisema kwa mtu wala kuliandika humu. Aliposema tungoje, nilishukuru. Nilikuwa sijalala siku mbili. Nilijiegesha na mtoto kifuani nikalala. Nililala vizuri. Nilipoamka alikuwa amebadilika pumzi.

Ndiyo maana nililia vile. Sikuwa nikimlilia Sharifa peke yake. Na yeye akadhani namlilia yeye, kila chozi ni lawama. Akakimbilia kwenye miti. Miaka ishirini kila mmoja amekaa na sehemu yake, huyu Chake, yule Ngezi, tukikutana Alhamisi kula pweza.

Nikamwambia: "Mkeo alikuwepo usiku huo. Angeweza kusema hapana, twende sasa. Alifurahi uliposema mngoje. Alilala."

"Kakwambia mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Akatazama miguu yake ndani ya maji.

"Na yeye kakaa nalo hilo peke yake?"

"Peke yake."

"Maskini," akasema. "Mpe pole. Mwambie sikujua."

Nikasema nitamfikishia.

Maji yalipoa. Nikaenda kuchemsha mengine. Nilisimama jikoni mpaka sufuria ikaanza kufurika.

Khatib alifika saa nane. Alikuta nyumba ya Tibirinzi imefungwa, Bi Khadija akamwambia tuko wapi. Njiani akasikia mengine, Pemba hakifichiki kitu. Aliingia na shati lililolowa jasho, akaona miguu ya baba yake, akaona shingo. Kombo akamsalimia, "Karibu, kijana." Khatib akambusu mkono, akatoka nje haraka. Nikamfuata nyuma ya tangi.

"Mama, gari iko langoni. Nimekata tiketi mbili za kesho."

"Haendi."

"Amekupotea msituni jana, na leo unanambia haendi?"

"Hakupotea yeye. Mimi ndiye niliyemuacha. Yeye alinifuata."

"Ndiyo hivyo hivyo. Huwezi. Umechoka, ulinambia mwenyewe umechoka."

"Nimechoka. Na haendi."

Akaniuliza kwa nini. Ana haki ya kuuliza. Nilitaka kumwambia yote, na sikuweza. Baba yake amebaki na sura moja tu nzuri mbele yake, mtu ambaye kazi ilimnyima nyumba. Sitaiondoa. Nikamwambia tu kwamba nimekaa bila mume miaka ishirini, sasa yupo kila siku, na sitaki kumtoa. Khatib akaniangalia kama mtu mzima anavyomuangalia mtoto. Kisha akainama, akashika bomba la tangi, akalia. Ni mtu wa miaka thelathini na moja. Nilimshika kichwa.

Ukweli niuandike hapa, maana hapana pengine. Sikufanya kwa wema. Watakaonisifu watakuwa wamekosea. Duniani kuna mtu mmoja tu aliyekuwemo chumbani usiku ule. Akiondoka, nabaki na chumba kile mimi pekee. Najua kesho atakuwa amesahau kila neno. Najua itabidi nimwambie tena, na tena aniulize kama mkewe kamwambia mwenyewe. Nitamwambia.

Jumapili, 14 Disemba

Tumerudi Tibirinzi kwa gari aliyokodi Khatib. Bi Riziki alitusindikiza mpaka langoni. Alimpigia Kombo saluti. Kombo akamsahihisha mkono.

Bi Riziki anasema tuje kila mwisho wa mwezi, na kwamba safari nyingine mtu wake mmoja atakaa na sisi wakati wote. Alilisema hilo akinitazama. Nimelipokea.

Khatib aliendesha. Kombo mbele, mimi nyuma. Tulipotoka kwenye miti akapandisha kioo na kuanza kuuliza tunakwenda wapi.

Khatib ameondoka na boti ya mchana. Amebadilisha komeo la uani akatia linalofungwa juu, pasipofikika. Amesema atakuja kila mwezi. Nimemwambia aje anapoweza. Ameacha begi aliloleta la nguo mpya za baba yake. Nimeliweka chini ya kitanda.

Nyumba kimya. Kombo analala. Shingo yake imejaa alama nyekundu.

Jumatatu, 15 Disemba

Nimeandika barua ya kuomba likizo muhula ujao. Nimeichana, nimeandika nyengine fupi.

Jana alinigonga kwa kiwiko nilipokuwa nambadilisha shati. Hakukusudia. Mdomo umevimba. Nilikwenda jikoni nikalia kidogo, kisha nikakumbuka yuko chumbani, nikanyamaza. Kisha nikasema, kwa nini ninyamaze. Nikaendelea. Alikuja mlangoni akasimama. Hakuondoka. Hakunikaribia. Alisimama tu mpaka nilipomaliza.

Jumanne, 16 Disemba

Siku mbaya. Hakunijua hata kama mgeni. Alinifukuza chumbani, akasema ataita watu. Nimekaa uani mpaka alipolala.

Bi Khadija alisikia kelele, akaniuliza dirishani kama kuna jambo. Nikamwambia hapana jambo. Sijui kwa nini nilimwambia hivyo. Miaka yote hii nimekuwa nikisema hapana jambo.

Jumatano, 17 Disemba

Ametulia. Amekunywa uji wote. Miguu imepungua uvimbe, anavaa kandambili.

Nilimpa sinia ya mchele achambue, kazi anayoipenda, anatoa na punje nzima pamoja na mawe. Nilikaa naye mkekani. Bi Khadija alipita, safari hii kwa mlangoni, akakaa dakika tano. Kombo alimkaribisha. Hakumuuliza kitu.

Alipoondoka, Kombo akaniambia bila kuinua macho:

"Mwalimu, una watoto?"

Watu wakiniuliza hivyo, kwa miaka ishirini na sita nimekuwa nikisema mmoja. Nasema hivyo kufupisha maneno.

"Wawili," nikasema.

"Majina yao?"

"Khatib na Sharifa."

"Majina mazuri."

Akanisogezea sinia upande wangu. Tukachambua mpaka adhuhuri.